Uwanja Utangulie Ghorofa

Mji wetu wa Unguja wapanda juu. Kwahani, mtaa wa zamani wa Ng'ambo, nyumba za chini zimebomolewa ili kupisha maghorofa. Mbweni Mfuko wa Hifadhi ya Jamii umekwisha jenga majumba yake, na huko Fumba makampuni yauza nyumba kwa wenye uwezo, wa hapa na wa ng'ambo ya bahari. Wala hatuoni wa kulaumiwa kwa jambo hilo. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ile ya mwaka 2022 ikawakuta 893,169. Hao ni watu laki tatu kasoro kidogo walioongezeka kwa muda wa miaka kumi, na ardhi ya mkoa haikuongezeka hata pima moja. Mtu atakayesema kwamba kila mmoja wao apewe kiwanja chake na mnazi wake, basi huyo hajaitazama ramani ya kisiwa hiki.

Kwa hiyo leo hatuna ugomvi na ghorofa. Neno letu ni juu ya ardhi iliyo chini ya ghorofa na pembezoni mwake: nani aipimaye, lini, na baada ya hapo ni ya nani. Na twaielekeza hoja yetu Mwanakwerekwe, kwa sababu upande huo ndiko mji unakosogea, na huko bado yawezekana kutenda jambo kabla halijaharibika.

Anayeijua Mwanakwerekwe hahitaji kuelezwa. Atokaye Fuoni na atokaye Kiembesamaki hukutana hapo wote wawili wakielekea mjini. Soko lake ni miongoni mwa masoko makubwa ya kisiwa, na siku hizi nalo limepanda ghorofa. Karibu yake ni makaburi. Nyuma ya hayo ndiyo mitaa iliyoota yenyewe katika mashamba ya minazi na miembe: watu waliuziana vipande, wakajenga bila ya ramani, na mtaa ukawa mtaa kabla njia yake haijapimwa. Viko vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kuingia, na jeneza lenyewe hupitishwa kwa mashaka. Ukitafuta hapo pahala pa wazi penye kivuli, pa kutosha watu mia kukaa, huenda ukaishia makaburini. Wafu hawakunyang'anywa ardhi yao, kwa kuwa heshima ya watu na hofu ya Mungu huilinda. Walio hai hawakuwa na mlinzi wa namna hiyo.

Mitaa kama hii ndiyo itakayojengwa upya kesho, kama Kwahani inavyojengwa leo. Basi yafaa tujiulize mapema, mtu wa Ng'ambo akitoka katika nyumba ya chini akapanda ghorofani, aacha nini chini?

Aacha vitu viwili ambavyo fundi aghalabu havitii katika hesabu yake: baraza ya mbele na ua wa nyuma. Barazani ndipo wazee wanapopumzika baada ya alasiri, ndipo habari za mtaa zinapopita, ndipo mgeni asiyestahili kuingia ndani anapopokewa kwa heshima. Uani ndipo mwanamke anapopika, anapofua na kuanika, anapopanda mrehani wake na mchaichai wake, na kuzungumza na jirani bila ya kujitanda. Na mtoto hutambaa hapo akiwa machoni pa mamake. Nyumba zetu za kale zilikuwa na vyumba vidogo, na hazikuwabana watu, kwa sababu nusu ya maisha yao ilikuwa nje ya vyumba. Vyumba vile vile vikipandishwa juu, baraza ikakatwa na ua ukakatwa, haiwi tena nyumba ile.

Tuchukue msiba, kwa kuwa msiba hauchagui ghorofa. Akifa mtu ghorofa ya nne, jeneza lashushwa kwa ngazi. Wanaume waliokuja kuzika wanataka pahala pa kukaa, na wanawake pahala pao mbali nao; patandikwe mikeka, painjikwe masufuria ya khitima, pawe na kivuli kwa wazee waliotoka shamba. Watu mia mbili hawaenei sebuleni, wala hawaenei ngaziani. Na arusi ni vivyo hivyo, na maulidi, na futari ya majirani mwezi wa Ramadhani. Mwenye kuchora nyumba asiukumbuke msiba, amewachorea watu wengine.

Ndiyo maana tusemapo uwanja wa majani na miti hatusemi pambo. Ziko bustani za kutazamwa, zenye kibao cha kukataza watu wasikanyage majani, na hizo mahala pake ni mbele ya maofisi. Uwanja wa watu wa ghorofani ni wa kukanyagwa. Ni ua wao na baraza yao vilivyounganishwa vikawa kitu kimoja cha watu wengi, na kama kitu hicho hakipo, basi watu wale wamepewa nusu ya nyumba na kuambiwa ni nyumba nzima.

Ramani hazikutupungukia. Mwaka 1923 Bwana H. V. Lanchester alitoa kitabu chake cha kuupanga mji wa Unguja. Mwaka 1958 wakaja Kendall na Mill. Mwaka 1968 Bwana Scholz wa Ujerumani Mashariki. Mwaka 1982 wakaja mabingwa wa Kichina. Na katika miaka ya 2010 Idara yetu wenyewe ya Mipango Miji ilikaa na wananchi ikaandika mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Bustani nazo tulikuwa nazo zamani. Forodhani ilipangwa kwa jubilii ya Sultan Khalifa mwaka 1936, na mwaka 2009 ikafunguliwa tena baada ya kutengenezwa upya na Wakfu wa Aga Khan. Mnazi Mmoja ni mkono wa bahari uliofukiwa, na bahari haikusahau, maana katika bamvua kubwa maji ya chumvi huibuka mle uwanjani hata leo. Lakini tazama zilipo: karibu zote ziko Mji Mkongwe au ukingoni mwake. Mtoto wa Mwanakwerekwe atakaye kuona ukoka uliokatwa vizuri hupanda gari kuufuata.

Majumba ya Michenzani yastahili kutazamwa kwa insafu, kwa kuwa ndiyo mwalimu wetu wa karibu. Yalijengwa kwa amri ya Rais Karume na kwa ramani ya Wajerumani wa Mashariki, na kazi yake ikaendelea baada ya yeye kuuawa mwaka 1972. Nyumba za Ng'ambo zilibomolewa, zikachorwa barabara mbili pana zenye kukatana, na kando ya barabara hizo yakasimamishwa majumba marefu kupita kiasi, mengine yakifika karibu mita 300 kutoka ncha hadi ncha. Waliohamia walipata ukuta wa saruji, maji na umeme, na hilo si jambo dogo kwa aliyetoka chini ya paa la makuti. Twasema haya kwa sababu wako wanaoyacheka majumba yale bila ya kuuliza watu walitoka wapi.

Lakini tazama ardhi iliyo nyuma yake. Nafasi haikukosekana, nafasi ni kubwa kuliko ile ipatikanayo katika mitaa mingi ya leo. Kilichokosekana ni mwenyewe. Nafasi hiyo haikuwa ya mwenye nyumba wa ghorofa ya pili wala wa ya tano, haikuwa ya ngazi hii wala ile. Ilikuwa ya Serikali, na kitu cha Serikali kisicho na mlinzi wala matumizi yaliyotajwa huwa cha anayewahi. Akiwahi mwenye gari, panakuwa pa magari. Akiwahi mwenye kibanda, pana kibanda. Jaa nalo huwahi kuliko wote. Ziko pembe ambako wakazi wenyewe walipanda mti na kutia benchi la saruji, na ukipita hapo jioni utawakuta wazee kwenye bao na vijana kwenye dhumna. Pembe hizo zatuonesha kwamba watu hawakosi hamu. Kinachokosekana ni haki ya kukiita kipande kile chao.

Jambo hili si la Unguja peke yake. Katika mji wa St. Louis, huko Marekani, yalijengwa katika miaka ya 1950 majumba 33 ya ghorofa kumi na moja, yakaitwa Pruitt-Igoe. Baina yake iliachwa ardhi pana iliyochorwa kijani katika karatasi. Haikupata kuwa kijani. Ilikuwa vioo vilivyovunjika na takataka, na kuanzia mwaka 1972 majumba yale yakaanza kubomolewa, yangali hayajatimiza miaka ishirini. Sababu zilikuwa nyingi, umasikini na ubaguzi zikiwa mbele, na hatutaki kudanganya kuwa ni majani tu. Hata hivyo Bwana Oscar Newman, aliyeyachunguza, aliona jambo la ajabu: pale ambapo ukumbi mdogo ulitumiwa na jamaa mbili tu, palifagiwa na kutunzwa; pale palipokuwa pa watu wote, hapakuwa pa mtu.

Singapore, kisiwa kidogo kuliko Unguja, wao walianza mwaka 1960 kuwapandisha watu wao ghorofani, na leo wengi wa wananchi wake wakaa katika majumba ya Serikali. Kampeni yao ya kupanda miti ilianza mwaka 1963, wakati nchi ingali masikini, wala hawakungoja utajiri ndipo wapande. Na mwishoni mwa miaka ya 1980 waliunda mabaraza ya miji midogo ambayo kazi yake ni kutunza ngazi, taa, njia na bustani za majumba hayo, na kila mwenye nyumba hulipa ada ya kila mwezi kwa kazi hiyo. Hapo ndipo penye siri, ikiwa ni siri. Mti hupandwa siku moja mbele ya wapiga picha, bali humwagiliwa miaka mitatu bila ya mpiga picha hata mmoja.

Na karibu na sisi, Nairobi, majumba ya kupangisha ya Pipeline, huko Embakasi, yamebanana hata vyumba vya chini huwasha taa mchana. Katika mji huo huo, mwaka 1989, Bi Wangari Maathai alisimama kuzuia jengo la ghorofa sitini lisijengwe ndani ya bustani ya Uhuru Park. Alitukanwa sana kwa ajili hiyo, na jengo halikujengwa. Twamtaja kwa sababu ardhi ya wazi, hata ikiwa na jina na sifa, hushindwa kujitetea yenyewe siku bei ya ardhi inapopanda.

Sasa tumjibu yule asemaye kwamba kisiwa ni kidogo na majani hula viwanja. Tufanye hesabu ya mfano. Jamaa 48 wakipewa viwanja vya chini, kila kimoja mita 15 kwa 20, watahitaji mita za mraba 14,400, yaani eka tatu na nusu hivi. Jamaa hao hao ukiwapandisha katika jumba la ghorofa sita, nyumba nane kila ghorofa, jumba lenyewe halitakalia zaidi ya mita za mraba 1,000 au karibu yake. Toa 5,000 nyingine kwa njia, magari na makaro. Zabaki 8,400, ambazo ni zaidi ya eka mbili. Eka mbili hizo hazikutoka mbinguni. Ni nyua za wale jamaa 48, walizoziacha walipokubali kupanda ngazi kila siku na mzigo wa maji na mkaa siku umeme unapokatika.

Kishio la mambo ni kwamba eka mbili hizo, zikiwa hazikuandikwa jina, huonekana tupu. Mwaka wa pili mtu huja na ramani ya majumba mawili zaidi. Hapo jamaa wamekuwa 144, uwanja hakuna, na kila mmoja hustaajabu kwa nini watoto wacheza mpira ngaziani. Hoja ya uchache wa ardhi, ambayo ndiyo iliyotupeleka ghorofani, imegeuzwa ikatumiwa kumnyima aliyekwisha panda. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lashauri kwamba katika mji asilimia 15 hadi 20 ya ardhi iwe viwanja vya wazi vya umma, mbali na barabara. Sisi hatubishani juu ya tarakimu. Twataka tu tarakimu yo yote ile itengwe kabla ya matofali.

Kwa Mwanakwerekwe liko jambo jingine zito kuliko mpira na msiba, nalo ni maji. Pale ni bondeni. Kila mtu mzima wa mji huu akumbuka masika ambayo barabara ya Mwanakwerekwe iligeuka ziwa, magari yakazama nusu, na wenye nyumba wakatoa magodoro yao juu ya vichwa. Maji hayo hayaingii peke yake. Hupita katika makaro kwanza. Kipindupindu kilichotusumbua kuanzia mwaka 2015 hadi 2016 kilitufundisha maana yake. Mradi wa huduma za miji ulioanza mwaka 2011 kwa mkopo wa Benki ya Dunia umechimba mitaro mikubwa ya kuyaongoza maji ya mabonde ya mji kuelekea baharini, na twashukuru. Lakini mtaro una kimo chake. Eka moja ya mapaa, saruji na lami, ikinyeshewa milimita 50 za mvua, humwaga lita laki mbili za maji, nayo huyamwaga papo hapo. Eka hiyo hiyo ikiwa ni ukoka na miti, sehemu kubwa ya maji huzama polepole, ikarudi kwenye hazina ya chini ambayo visima vya kisiwa hiki hunywa kutoka kwake.

Basi kabla ya majumba marefu kuinuka katika upande huo, bonde lenyewe ndilo lingekuwa uwanja. Wakati wa kiangazi na kipupwe ni kiwanja cha mpira na pahala pa kukaa. Masika yakija, hupokea maji siku mbili tatu na kuyameza, na nyumba zilizo juu zikabaki kavu. Sehemu hii ya ardhi haifai kwa jengo, na kila anayejenga juu yake huyasukuma maji kwa jirani. Hakuna haja ya kuibembeleza ardhi ifanye kazi isiyoiweza, ilhali yaweza kazi nyingine tunayoihitaji.

Kuhusu miti, mafundi wa kilimo wajua kuliko sisi. Twaomba tu iwe miti ya kivuli: mwembe, mkungu, mzambarau, mwarobaini. Mnazi twaupenda, lakini haufai karibu na mlango wa ghorofa. Nazi haichagui kichwa. Na uwanja usiwe mmoja mkubwa wa kupotelea watu. Kila ngazi mbili tatu ziwe na kipande chao, chenye baraza ya mawe chini ya mti, na pahala palipozungushiwa ua wa michongoma kwa ajili ya wanawake. Kiwe karibu kiasi cha mama kumwita mtoto kwa sauti kutoka dirishani akasikika. Mjenzi mashuhuri wa Denmark, Jan Gehl, aliyetoa mwaka 1971 kitabu juu ya maisha yapitayo baina ya majengo, asema kuwa mtu akipita ghorofa ya tano hukatika na walio chini. Bibi zetu wangemwambia hivyo bila ya kitabu, lakini si vibaya mtaalamu akishuhudia.

La mwisho ni mwenyewe. Baraza la Wawakilishi lilikwisha tunga, mwaka 2010, sheria ya majengo yenye wamiliki wengi, ambayo hutambua kuwa ziko sehemu za jengo zilizo za wote kwa pamoja. Uwanja nao uhesabiwe hivyo, uandikwe katika hati ya kila nyumba pamoja na vyumba vyake, ili asiweze mtu kuuza kipande chake wala ofisi yo yote kukigawa bila ya wakazi kuulizwa. Ada ya kuutunza iwe ndogo, ijulikane, na hesabu yake ibandikwe ngaziani. Wakazi wakiona fedha yao imenunua mpira wa kumwagilia na mshahara wa mfagiaji, watalipa. Wakiona imepotea, hawatalipa, na hawatakuwa na makosa. Huko Fumba mnunuzi hupewa bustani kwa kuwa amelipa bei yake. Mkazi wa Mwanakwerekwe atalipa kwa kuuacha ua wake, na hatuoni kwa nini malipo hayo yahesabiwe pungufu.

Kazi ya kwanza haihitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Wapimaji wa ardhi waende Mwanakwerekwe masika, maji yakiwa yamejaa, pamoja na masheha na wazee wanaojua yalifika wapi mwaka gani. Watie vigingi pale ukingo wa maji ulipokoma. Kisha mpaka huo uingizwe katika daftari la ardhi, na kampuni ya kwanza itakayokuja kuomba kiwanja ioneshwe daftari hilo kabla haijaonesha picha zake.